Majani Leo, Bonasi Oktoba: Kabla Hujamuuzia Broka, Piga Hesabu Hii



Kwa mkulima wa chai Kericho na Bomet, Januari ni mwezi mrefu. Shule zinafunguliwa, pesa ya majani ya Desemba bado haijaingia, na bonasi ya Oktoba iliisha kitambo. Hapo ndipo broka anasimamisha pikapu kando ya barabara, kabla lori la kiwanda halijafika. Ana mizani na ana pesa mkononi. "Mama, leo uko na kilo ngapi?"

Hatumlaumu anayemuuzia. Karo haingoji. Lakini kuna swali tunaloulizwa sana: ni afadhali niuze kwa broka ama nikope kwa simu? Tupige hesabu pamoja.

Hesabu ya shilingi 3,000

Mkulima mdogo anayepeleka majani kwa kiwanda cha KTDA hulipwa mara mbili. Kuna malipo ya kila mwezi kwa kila kilo, halafu kuna bonasi, ambayo kwa kawaida huja Oktoba baada ya mwaka wa fedha kufungwa Juni. Broka hulipa mara moja tu, basi.

Tuseme unahitaji 3,000 leo. (Bei hizi ni za mfano tu, weka za kiwanda chako.) Broka ananunua kilo kwa 30, kwa hivyo unampa kilo 100. Kiwanda kingekulipa 24 kwa kilo, yaani 2,400, na bonasi ikiwa 20 unaongeza 2,000. Jumla 4,400. Umeacha 1,400 kwa pikapu.

Sasa kopa hiyo 3,000 kwa simu, ada ikiwa 7.5% kwa siku 30. Ada ni 225. Ukilipa kwa wakati, mkopo umekuokolea zaidi ya 1,000.

Lakini ngoja. Ukiusukuma mkopo huo miezi sita kwa ada ileile, umelipa 1,350. Hapo tofauti yako na aliyemuuzia broka ni shilingi 50 tu.

Na bonasi ikishuka? Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wanajua uchungu wa 2025. Bonasi ikiwa 8 badala ya 20, kilo zako 100 zinaleta 3,200 kwa jumla. Kumuuzia broka kungekupotezea 200 tu, pesa kidogo kuliko ada ya mkopo wa mwezi mmoja.

Kwa hivyo ushauri wetu ni huu: kopa ukiangalia malipo ya mwezi ujao, usikope ukiangalia bonasi. Malipo ya mwezi unaweza kuyakadiria kutoka kwa risiti zako za mizani. Bonasi hakuna anayeijua mpaka itangazwe.

Majani ni ya nani, jina ni la nani?

Kuna jambo lingine ambalo hesabu ya broka haionyeshi. Kilo ukipeleka kiwandani, inaandikwa kwa nambari yako ya mkulima. Sacco au mkopeshaji akitaka kujua unapata ngapi kwa mwezi, rekodi ipo. Kilo ya broka haionekani popote.

Shida ni kwamba katika boma nyingi mama ndiye anayechuna na kubeba kikapu mpaka kituoni, lakini nambari ni ya mzee, na akaunti pia. Mwaka wa 2006, ni 26.7% tu ya Wakenya wazima waliotumia huduma rasmi za fedha. Kufikia 2024 walikuwa 84.8%, na simu ndiyo imefanya kazi kubwa hapo. Lakini kuwa na laini hakutoshi kama mapato yako yote yamesomwa kwa jina la mtu mwingine.

Kuna familia ambazo zimekaa chini, zikagawana mistari ya chai, na mama akachukua nambari yake kiwandani. Si kugombana, ni kupanga. Mkiamua hivyo, ulizeni ofisi ya kiwanda chenu stakabadhi zinazohitajika.

Fanya hivi kuanzia mwezi huu

1. Weka risiti zote za mizani. Piga picha kama karatasi inafifia.
2. Tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, si ya mtoto wala jirani.
3. Siku pesa ya majani inapoingia, hamisha kidogo kwenye akiba kabla ya matumizi. Hata 200 kila mwezi ni 2,400 kufikia Januari.
4. Linganisha kabla ya kukopa. Uliza sacco yako, uliza Greenland Fedha ya KTDA, angalia Hazina ya Hustler ambayo riba yake ni 8% kwa mwaka. Swali ni moja: nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla, na lini?
5. Kwa mkopeshaji wa kwenye simu usiyemjua, hakikisha ana leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Orodha iko kwenye tovuti yao.

Na msimu wa bonasi ukifika, matapeli nao wanavuna. Hakuna mtu wa kiwanda, wa benki wala wa kwetu atakayekupigia akuulize PIN. Akiuliza, kata simu.

Chukua risiti za mwezi uliopita leo jioni, keti na wa nyumbani, mpige hesabu yenu.