Taa ya injini ikimweka, hesabu ya siku isubiri

Wenye magari ya biashara, yawe teksi, pikapu za mizigo au magari ya kusambaza bidhaa madukani, hupata hasara kubwa kutokana na hitilafu ambayo mara nyingi ingemalizwa kwa kipuri kimoja kidogo. Hitilafu hiyo hutangazwa na taa ya injini kwenye dashibodi. Taa ikiwaka moja kwa moja, gari lipelekwe kwa fundi mapema. Ikimweka, yaani kuwaka na kuzimika mfululizo huku gari likitembea, gari linatakiwa kusimama.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Sheria za Marekani zililazimisha magari ya kuanzia 1996 kuwa na kompyuta inayojikagua yenyewe, na Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Katika mpango huo, kumweka ni onyo kwamba injini inamisi kiasi cha kuharibu masega, yaani kile kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi. Si kila gari kuukuu lina mpango huo. Hata hivyo, injini inayotetemeka na kukosa nguvu mlimani inatoa onyo lile lile hata kama taa haimweki.

Hasara inavyokua

Injini inamisi pale silinda moja au zaidi zinaposhindwa kuchoma petroli. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hutakiwa kuchoma mara 1,500 katika dakika hiyo. Silinda ikifa, petroli yake hutoka mbichi na kwenda kuwakia ndani ya masega. Masega hupata joto kupita kiasi, hatimaye huyeyuka na kuziba njia ya moshi. Hapo gari hukosa nguvu hata baada ya silinda kutengenezwa.

Masega ni ghali kwa sababu yana madini ya platini, paladiamu na rodiamu. Mwezi Machi 2021 bei ya rodiamu katika soko la dunia ilipita dola 25,000 za Marekani kwa wakia moja. Bei ilishuka sana baadaye, lakini masega halisi yameendelea kuwa miongoni mwa vipuri ghali vya gari. Plagi na koili huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Tatizo ni kwamba anayeiona taa siye anayelipa gharama. Dereva anayetakiwa kupeleka hesabu jioni huona kusimama ni kupoteza siku, hivyo huendelea. Bili ya masega humfikia mwenye gari wiki kadhaa baadaye. Mwenye gari anashauriwa kupatana na dereva mapema kwamba siku taa itakapomweka, hesabu ya siku hiyo haitadaiwa. Hesabu ya siku moja ni nafuu kuliko ekzosi mpya.

Hatua za kufuata

Dereva apunguze mafuta, azime kiyoyozi na aegeshe mahali salama. Ikiwa injini inatetemeka sana, gari livutwe. Ikiwa taa imeacha kumweka na kubaki inawaka, tatizo halijaisha. Umbali wa kwenda gereji uwe mfupi na mwendo uwe wa taratibu.

Fundi aanze kwa kusoma namba za hitilafu kwa kompyuta na kuziandika kabla ya kufuta chochote. Namba P0301 humaanisha silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 humaanisha tatizo linahamahama au liko kwenye silinda kadhaa. Hapo hukaguliwa vitu vinavyotumiwa na silinda zote, kama petroli yenyewe, pampu yake na mipira ya upepo inayovuja.

Kwa injini ambazo kila plagi ina koili yake, kama ile ya Toyota ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, kipimo cha kwanza hakihitaji kununua kitu. Koili ya silinda inayomisi hubadilishana nafasi na ya jirani. Hitilafu ikihamia kwa jirani, koili ndiyo mbovu. Isipohama, plagi hujaribiwa kwa njia hiyo hiyo, kisha nozeli, na mwisho hupimwa kompresheni. Kompresheni ikiwa ndogo, tatizo liko ndani ya injini na hesabu za matengenezo hubadilika kabisa.

Aidha, fundi atazame kama kuna oili au maji kwenye mashimo ya plagi. Gasketi ya kava la juu inayovuja, au injini iliyooshwa kwa maji mengi, huua koili mpya kama ilivyoua ya zamani.

Kwa wanunuzi

Wanaonunua magari yaliyotumika wana la kuangalia. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, taa hii inatakiwa kuwaka. Isipowaka, huenda imeondolewa au imekatwa kusudi. Kwa magari yenye mpango wa kujikagua, kompyuta huonyesha pia kama ukaguzi wa ndani umekamilika. Ukiwa haujakamilika karibu wote, namba zimefutwa au betri imechomolewa hivi karibuni, na muuzaji aulizwe sababu. Mnunuzi aingie pia chini ya gari kuhakikisha masega yapo, kwani kuna wanaoyatoa na kuyauza kwa ajili ya madini yake.

Gari lenye taa inayomweka laweza kuwa ununuzi mzuri iwapo kosa ni koili. Lakini bei ikubaliwe baada ya kipimo cha kompresheni, si kabla.