Picha za harusi hazirudiwi, chunga memori kadi yako

VIJANA wengi jijini Eldoret wanajikimu kwa kamera. Wikendi ni harusi na koito, msimu wa mahafali ni Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Eldoret, na kuna wanaodamka kwenda Iten kuwapiga picha wanariadha wakiwa mazoezini.

Shida ni kwamba wengi humaliza pesa kwenye kamera na lenzi, kisha wananunua memori kadi ya bei ya chini kabisa. Kamera ikigoma, unaweza kuazima ya rafiki. Kadi ikigoma na picha ziko ndani, utamwambia nini bibi harusi? Hatavaa shela upya kwa ajili yako, na wazee hawatakaa tena kujadili mahari.

Unaponunua, soma alama zilizo kwenye kadi. V30 au U3 maana yake ni kwamba inaandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde, kasi inayotosha video nyingi za 4K. U1 ni megabaiti 10 tu: sawa kwa picha za kawaida, lakini video nzito inaweza kukatika katikati. Usidanganywe na namba kubwa kama 170. Mara nyingi hiyo ni kasi ya kuhamisha picha kwenda kwa laptopu, si ya kurekodi.

Kuhusu ukubwa, wakazi wa Sisibo, jina lililotokana na shamba nambari 64, watafurahi kusikia kuwa GB 64 ni saizi nzuri. Picha za RAW za MB 30 kila moja huingia kama 2,000 hivi. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde nayo hula takriban GB 45 kwa saa. Heri kadi mbili za 64 kuliko moja ya 128. Moja ikiharibika, nusu ya kazi imepona. Kamera yako ikiwa na nafasi mbili za kadi, iseti iandike kote kwa pamoja.

Jihadhari na kadi feki. Inaweza kuonyesha GB 128 kumbe ndani ni 8 pekee. Itapokea picha bila kulalamika, lakini zile zinazozidi ukubwa wake halisi hupotea au hazifunguki. Ipime siku hiyo hiyo uliyoinunua kwa programu ya bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa Mac na Linux. Risiti iweke, usije ukabishana na muuzaji bila ushahidi.

Kutunza kadi si kazi ngumu. Ifomati ndani ya kamera, si kwa laptopu. Usiichomoe taa ya kamera ikimweka, na badilisha betri kabla haijaisha kabisa. Usiitupe mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Inunulie kijisanduku cha plastiki, kwani mvua na matope ya Uasin Gishu hayabagui. Kadi ikijaa, sukuma kile kiswichi cha pembeni kuifunga, isije ikafutwa kwa bahati mbaya.

Na je, picha zikifutika? Acha kupiga hapo hapo. Kwa kawaida kinachoondoka ni orodha tu; picha zenyewe hubaki mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Toa kadi, tumia PhotoRec, programu ya bure, na uzihifadhi unazookoa kwenye diski nyingine, si kwa kadi ile ile. Kadi iliyokusumbua mara moja, istaafishe.

Kazi haiishi wageni wakienda nyumbani. Usiku huo huo, nakili picha sehemu mbili tofauti, zifungue uone kama ziko sawa. Usifomati kadi hadi mteja atakapopokea picha zake zote.