Je, Wajua? Baridi Haiui, Inachelewesha

Je, wajua kwamba friji haiui bakteria? Inawachelewesha tu. Kwenye nyuzi 4 za Selsiasi wengi wao huzaliana kwa kujivuta. Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, hulala. Nyama ikiyeyuka wanaamka na kuendelea walipoishia. Ndiyo maana inafaa kuyeyushwa humo humo ndani ya friji tangu usiku, isiachwe juu ya meza ya jikoni kutwa nzima.

Je, wajua kwamba namba za kwenye swichi ya friji, 1 hadi 5 au 1 hadi 7, si nyuzi joto? Ni kiasi cha nguvu tu: kwa kawaida namba ikipanda, baridi huzidi. Wako wanaoiweka kwenye 4 wakiamini wamepata nyuzi 4. Tumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji, iache rafu ya katikati hadi asubuhi, ndipo utajua friji yako inafanya kazi gani.

Sehemu yenye joto kuliko zote ni mlangoni, na hapo hapo ndipo watengenezaji wanapopenda kuchonga vishimo vya mayai na nafasi ya maziwa. Usiwafuate. Mlangoni weka achari, soda na tomato sosi; maziwa yaende ndani. Nyama mbichi na kuku wakae rafu ya chini kabisa, ndani ya bakuli, maji yao yasije yakadondokea kachumbari.

Je, wajua kwamba wali unaweza kukuumiza kuliko mchuzi wake? Mchele huja na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Sufuria ikilala juu ya jiko, zinachipua, wanazaliana, na baadhi yao hutoa sumu ambayo moto wa asubuhi hauiondoi hata ukikikaanga kiporo hadi kikauke. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisizidi saa 2 nje. Wamarekani wanapunguza hadi saa 1 joto likipita nyuzi 32, na Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari nyuzi 32 si habari.

Hapo watu huuliza: si tuliambiwa chakula cha moto hakiingii kwenye friji? Nusu ni kweli. Sufuria zima la pilau linalofuka moshi litawapasha joto majirani zake wote. Lakini kulisubiri lipoe lenyewe mpaka usingizi ukuchukue ni kosa kubwa zaidi. Ligawe kwenye vyombo vipana vyenye kina kifupi. Mvuke ukipungua, ingiza. Ndani ya siku 3 au 4 liwe limeliwa.

Pua nayo isiaminiwe sana. Wali wa nazi uliochacha angalau unajitangaza. Bakteria wengi wanaolaza watu hospitalini hawana harufu, na mmoja wao, Listeria, anazidi kukua hata ndani ya friji. Mwaka 2017 hadi 2018 huko Afrika Kusini alipitia kwenye soseji kubwa za kukata vipande ziitwazo poloni, akaambukiza watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi. Mama mjamzito asile nyama baridi za pakiti bila kuzipasha hadi zitoe mvuke.

Je, wajua kwamba kuna sumu ya samaki isiyotoka kwa kukaanga wala kwa kugandishwa? Jodari na vibua wakikaa juani, bakteria hutengeneza histamini ndani ya minofu yao. Aliyemla huhisi ladha ya pilipili ambayo hakuna aliyeitia, uso unawaka, kichwa kinagonga, mara nyingi kabla saa haijaisha. Samaki mwenyewe anaweza kuonekana hana dosari. Kwa hiyo barafu ya muhimu kuliko zote ni ile ya ndani ya mtumbwi, na swali la kumuuliza muuzaji ni samaki aliwekwa barafu saa ngapi. Friza yako haiwezi kurudisha saa hizo.

Umeme ukikatika, usifungue mlango kuchungulia. Friji itashika baridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa hadi saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kama huna vya kuijaza, ingiza chupa za maji, bila kuzijaza pomoni, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta chini ya kikombe, umeme ulikatika muda mrefu, hata kama kila kitu kimeganda upya.

Baada ya Idi ya kuchinja, usisukume mfuko mzima wa nyama kwenye friza. Katikati patachelewa kuganda, na nyama inayoganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu zinazochana misuli. Ikiyeyuka inamwaga utamu wake. Fungasha vipande vichache vichache, bapa. Mmarekani Clarence Birdseye aliona siri hiyo kwa Wainuit wa Labrador miaka ya 1910, samaki wao wakiganda papo hapo kwenye baridi kali. Mwaka 1929 kampuni yake iliuzwa kwa dola milioni 22.

Ndizi, viazi na nyanya zikae nje. Ndizi huumia chini ya nyuzi 13, wanga wa viazi hugeuka sukari, nyanya hupoteza ladha.

Na asiye na friji? Mnigeria Mohammed Bah Abba alichukua vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, akajaza mchanga mbichi katikati, na maji yanayokauka yakapoza mboga. Alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000. Si kwa nyama wala samaki, na inataka hewa kavu. Dodoma itakufaa, Tanga utabaki na mchanga uliolowa.