Kinda wa Nani Huyu? (Sehemu ya Tatu): Mdomo Kwanza, Rangi Baadaye

Mvua za Katavi zinapoelekea ukingoni, mashamba ya Katumba na majani marefu ya kandokando hujaa ndege wadogo wa kahawia. Tangu wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipopewa makazi hapa wakafyeka miombo na kulima, wala mbegu hawa wamepata uwanja mpana. Msimu huu ndipo picha za simu huzunguka na swali moja: je, hawa ni kwelea kwelea?

Swali hilo lina uzito. Kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, na makundi yao makubwa hupigwa sumu kwa ndege za kunyunyizia. Sumu hiyo haichagui. Humwua hata kipanga aliyekuja kuwinda. Afadhali basi tujue tunamshitaki nani.

Wengi wakitumiwa picha hukimbilia rangi ya manyoya. Mimi nasema iachwe mwisho. Kinda wa kwelea, wa kweche na wa fumbwe wote ni kahawia, na picha ya jioni humtia umanjano hata ndege wa kijivu.

Anza na umri. Kuza picha utazame pembe ya mdomo, pale taya mbili zinapokutana. Kinda aliyetoka kiotani karibuni bado ana ngozi iliyovimba hapo, nyeupe au ya manjano. Mkia wake ni mfupi, manyoya ya tumboni yamelegea. Usipoona dalili hizo, huenda unamtazama jike, au dume aliyevua manyoya yake ya msimu wa kuzaa.

Sasa mdomo wenyewe. Wa kwelea ni mnene na mfupi. Anapoanguliwa huwa mweupe, hupitia zambarau iliyopauka, kisha huwa mwekundu. Jike mzima naye huugeuza kuwa wa manjano wakati wa kuzaa, jambo linalowapoteza hata wazoefu. Kweche hana mambo hayo: mdomo wa kinda wake una rangi ya pembe ya ng'ombe, na kifua kina michirizi iliyokolea kuliko ya kwelea. Kuna kweche mmoja, Euplectes hordeaceus, ambaye dume lake hubaki na mabawa meusi hata likirudia ukahawia, kwa hiyo picha iliyopigwa kutoka mgongoni, ambayo wengi huifuta, ndiyo inayomfichua.

Ugumu hasa uko kwa fumbwe. Yule mwenye mkia mrefu, Vidua macroura, hutaga katika kiota cha Estrilda astrild, kindege cha mdomo mwekundu na mistari myembamba mwilini. Makinda hulelewa pamoja, na yule mgeni hawaui wenzake. Ndani ya kinywa ana madoa yanayofanana na ya watoto wa mwenyeji, ndiyo maana mlezi humlisha bila kinyongo. Nje ya kinywa, hata hivyo, hawalingani. Kinda wa fumbwe ni kahawia tupu, mgongo hauna michirizi. Kinda wa mwenyeji ana mdomo mweusi (wekundu huja baadaye), na kando ya jicho utaona alama nyekundu iliyofifia. Ukiwapata katika fremu moja wakiomba chakula, piga picha nyingi midomo ikiwa wazi, ila usisogee hadi ukamfukuza mlezi.

Bado wapo jamaa wengine wa fumbwe, wale ambao madume yao huwa meusi yenye mng'ao wakati wa kuzaa. Majike na makinda yao hata mtaalamu mwenye kamera nzuri huwaacha bila jina. Dume lakini hujifunza wimbo wa ndege aliyemlea na kuuimba akikua, kila spishi na wimbo wa mlezi wake. Kwa hao, washa kinasa sauti cha simu. Nyimbo zenyewe tutazichambua wiki ijayo.