Windows Mpya, Corel ya Mwaka 2014

Tarehe 14 Oktoba 2025 iliangukia Jumanne. Nchi ilikuwa mapumzikoni kwa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na zilikuwa zimebaki siku 15 tu kufikia Uchaguzi Mkuu. Siku hiyohiyo, kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia Windows 10, mfumo uliokuwa kazini tangu Julai 2015. Kwa watu wengi hiyo ni habari ya kusoma na kusahau. Kwa dizaina wa Songea mjini, mwenye oda za mabango, fulana na vipeperushi zilizopangana hadi mlangoni, ni balaa la kalenda: kompyuta inamsihi ahamie Windows 11 katika mwezi uleule ambao hakupaswa kugusa hata waya.

Hali yenyewe huwa hivi. Usiku mashine imeachwa ijisasishe, au fundi ameitwa aje "kupiga Windows" upya. Asubuhi inawaka vizuri, inapendeza, vitufe vimehamia katikati ya skrini. Dizaina anabofya CorelDRAW X7, toleo la mwaka 2014 ambalo hadi leo utalikuta katika maduka ya uchapaji. Nembo ya ufunguzi inatokea, inakaa kidogo, inatoweka. Hakuna ujumbe wowote. Anabofya tena, yaleyale. Photoshop inafunguka, lakini ikipewa picha ya bango la mita tatu inaganda. Mlangoni kuna sauti: "Fundi, bango letu limefika wapi?"

Kauli inayotolewa papo hapo ni kwamba Windows mpya imeua Corel. Siikubali kauli hiyo, angalau si kwa haraka namna hiyo. Programu ya kudizaini haijisimamii yenyewe. Inaegemea draiva ya kadi ya picha, fonti, maktaba ndogondogo zilizowekwa pamoja nayo, leseni, printa, na folda ambazo inaamini ziko palepale ilipoziacha. Kusasisha mfumo kunavigusa vyote hivyo kwa mpigo, lakini mara nyingi kilichovunjika ni kimoja. Dizaina anayefuta kila kitu na kuanza upya anapoteza ushahidi wa kipi kilichokuwa kibovu, na anaweza kulikuta tatizo lilelile likimsubiri upande wa pili.

Ushahidi wenyewe upo, na Windows huutunza bila kuombwa. Andika neno reliability kwenye sehemu ya kutafutia, itafunguka chati ya siku baada ya siku yenye alama nyekundu kila mahali programu ilipoanguka. Ukiingia ndani ya alama utaona jina la faili lililoanguka nayo. Jina likianza na herufi ig, shuku kadi ya picha ya Intel. Likianza na nv, ni NVIDIA. Likianza na ati, ni AMD. Likianza na msvc, tatizo liko kwenye maktaba za Visual C++, ambazo hupatikana bure kwa Microsoft na huwekwa kwa dakika chache. Ni mafundi wachache ninaowaona wakianzia hapo. Wengi huanzia kwenye flashi.

Kesi ya kadi ya picha ndiyo nyepesi kuliko zote. Windows ikikosa draiva inayoifahamu, huweka ya kwake ya msingi, ambayo inatosha kusomea barua pepe lakini haimudu kazi ya picha. Ukikuta kwenye orodha ya vifaa kadi yako imepewa jina la Microsoft Basic Display Adapter, jibu umelipata: nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine, iwe Dell, HP au Lenovo, uchukue draiva ya modeli yako. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kumaliza bando, izuie Photoshop isitumie kadi ya picha kwa kuondoa alama kwenye mipangilio yake ya utendaji. Ikitulia, mshitakiwa ni huyo. Mipangilio iliyoharibika nayo ina dawa fupi: bonyeza F8 bila kuachia wakati Corel inafunguka, au Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja wakati Photoshop inafunguka, na programu itarudi ilivyokuwa siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halisemwi kwa sauti. Programu nyingi za kudizaini katika maduka yetu ni za kraki, na kraki ndiyo inayokufa kwanza mfumo unapobadilishwa. Siku fundi alipoiweka, alizima kwanza ulinzi wa Windows, kisha akabadilisha faili la leseni na kuweka uzio ili programu isizungumze na mtengenezaji wake. Windows mpya inapoingia, ulinzi unaamka ukiwa na nguvu zaidi, unakagua diski, unakuta faili lililochezewa na kulitia kizuizini. Kesho yake Corel haifunguki. Au inafunguka, lakini sehemu za kuhifadhi, kunakili na kuchapa zimekuwa za kijivu, unaweza kuitazama kazi tu. Hapo Windows haijaua kitu. Imemkuta mwenye ufunguo wa bandia mlangoni.

Wako watakaosema bei ya leseni halali haishikiki kwa duka dogo la Lizaboni au Bombambili, na siwezi kuwapinga kwa hesabu ya mapato yao. Ila Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na programu za kompyuta zimo ndani yake. Tena, nje ya sheria, kuna hesabu nyingine: anayezima ulinzi ili kraki ipite anazima ulinzi wa mashine inayopokea flashi za wateja wa mji mzima. Virusi vya flashi vinayajua maduka ya stesheneri kuliko TRA inavyoyajua.

Mashine zenyewe nazo zina mchango wao. Kompyuta mpakato za mtumba, zile Latitude na EliteBook zilizomaliza utumishi wake kwenye ofisi za Ulaya, ndizo uti wa mgongo wa dizaini za mitaani. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017, pamoja na kijichipu cha usalama cha TPM 2.0. Mashine nyingi za mtumba ni za kizazi cha nne hadi cha sita. Mafundi wanajua njia ya kulikwepa sharti hilo kwa kuandaa flashi maalumu, na mfumo unakubali kuingia. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine iliyoingizwa kwa mlango huo haina uhakika wa kupata masasisho. Kwa hiyo unahama Windows 10 ukikimbia kukosa masasisho, unafika Windows 11 bila uhakika wa kuyapata. Sioni faida ya safari hiyo kwa mwenye kompyuta moja.

Kuna kosa jingine linalochanganya watu kwa sababu halifanani na kosa. Windows 11 ikiwekwa na kuunganishwa na akaunti ya Microsoft, huduma ya OneDrive inaweza kuhamishia Desktop na Documents ndani ya folda yake. Kwa macho mafaili yako palepale. Kwa InDesign au Corel, anwani imebadilika: picha zilizounganishwa kwenye kijitabu cha mahafali hazionekani, violezo vya kadi za mchango havipatikani, na mahali pa nembo ya shule pana kisanduku kitupu. Wakati huohuo mashine inaanza kupandisha gigabaiti za kazi zako mawinguni kupitia bando la simu. Bando linakwisha saa nne asubuhi na hakuna aliyefungua hata video moja. Kabla hujailaumu programu, ingia kwenye mipangilio ya OneDrive, zima uhifadhi wa folda hizo, hakikisha mafaili yameshuka yote kwenye diski, kisha yarudishe kwenye folda yake ya kawaida.

Fonti zinadai umakini wa aina yake. Mfumo uliosasishwa juu ya wa zamani huwa unazibakiza. Mfumo uliopigwa upya unazifuta zote ulizoongeza, na Corel itakubadilishia herufi kwa ile iliyonayo. Jina la bwana harusi lililopangwa kwa mwandiko wa mapambo linageuka Arial. Wenye fonti za kale za aina ya Type 1 wana hasara zaidi, maana Adobe iliacha kuzitambua Januari 2023, hivyo kuhamia toleo jipya la programu zake kunazizika hata kama faili zipo. Ndiyo maana dizaina mzoefu hampelekei mchapaji faili lenye maandishi hai. Anabonyeza Ctrl na Q, herufi zinakuwa michoro, na nakala yenye maandishi anabaki nayo mwenyewe.

Ukivuka hayo yote, Corel ikafunguka, fonti zikarudi, bado bango halijatoka. Mashine kubwa za kuchapia mabango huongozwa na programu ya pembeni, na nyingi za zile zinazotoka China hutumia kijiti cha USB kama leseni. Draiva ya kijiti hicho ikiwa ya zamani, ulinzi mpya wa kiini cha Windows 11 unaweza kukataa kuipakia, na programu italia kwamba haioni leseni wakati kijiti kimechomekwa na taa yake inawaka. Mashine za kukatia stika na namba za jezi nazo zina lake. Waya wake wa USB mara nyingi una chipu ya Prolific PL2303 ya kale, au ya kuigiza. Windows 11 haijifichi: kwenye orodha ya vifaa inaandika kwamba chipu hiyo iliondolewa sokoni tangu mwaka 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Kwa mtu aliye Songea, zaidi ya kilomita 900 kutoka Kariakoo, aliyemuuzia ni kondakta wa basi aliyeleta kifurushi. Ununuzi wa maana hapo ni waya mpya wenye chipu ya FTDI, ambao bei yake haifikii hata kidogo ile ya mashine.

Nje kidogo ya mji, kwa Wabenediktini wa Peramiho, vitabu vya Kiswahili vimechapwa kwa miongo mingi, na enzi za herufi za risasi hakuna mtambo uliolala ukaamka umekataa herufi zake. Sikumbuki enzi hizo kwa hamu. Nani ana muda wa kupanga risasi? Nasema tu kwamba shida hii ni ya kizazi chetu, na si ya Songea peke yake. Oktoba 2019 Apple ilipotoa macOS Catalina, programu zote za biti 32 zilikataa kufunguka kwenye Mac duniani kote, na madizaina wa London na New York walikwama na Photoshop zao za kununua kwa fedha halali.

Leseni halali yenyewe ina masharti yake. Adobe huuza kwa malipo ya kila mwezi au mwaka, na programu lazima ijiripoti mtandaoni: ukiwa huna intaneti, mlipaji wa mwezi ana siku 30, wa mwaka ana siku 99. Kwa kawaida hilo halisumbui. Lakini intaneti ilipozimwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, aliyekuwa amefuta programu zake siku moja kabla ili aziweke upya alibaki na mashine safi isiyofanya kazi yoyote. Aliyeziacha zilivyo aliendelea kuchapa.

Kwa hiyo kalenda ni sehemu ya ufundi. Songea ina misimu yake: wiki ya mwisho ya Februari, mji unapowakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, harusi baada ya mavuno, mahafali ya shule. Aliyesasisha na kujuta ana siku 10 za kurudi Windows ya zamani kupitia mipangilio ya urejeshaji, mradi hakufuta masalia ya mfumo ili kupata nafasi kwenye diski. Mwenye mashine isiyostahili Windows 11 anaweza kubaki na Windows 10 kwa mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada kwa watumiaji binafsi, unaokwenda hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ama kwa dola 30 ama bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Kompyuta inayoendesha mashine ya kukatia stika inaweza kubaki na mfumo wake wa kale bila intaneti kabisa, ikipokea kazi kwa flashi iliyokwisha kukaguliwa.

Na kwa aliyechoka na kraki, Inkscape ni ya bure kihalali, haidai mashine kubwa, na hufungua nyingi za CDR, yaani faili za Corel. Mistari na rangi za kawaida huja vizuri. Maandishi marefu huchanguka, vivuli na baadhi ya madoido hupotea, na mpangilio wa rangi nne za uchapaji ndio udhaifu wake mkubwa, hivyo usianze nayo kwa bango la mgombea. Kadi za mchango zinatosha kwa kuanzia: rangi mbili, jina la familia, namba ya simu ya mweka hazina.