Shore anayedonoa plamsi ni yupi?

Vijana wenzangu, plamsi zikianza kuiva hapa Lushoto, simu ni zilezile: "Bwana shamba, ndege wanatumaliza, tuweke sumu?" Subiri kwanza, mjue mhusika.

Shore ni familia nzima. Wataalamu wanaiita Pycnonotidae, ina spishi zaidi ya 140 Afrika na Asia. Anayeingia shambani ni yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, wa jenasi Pycnonotus. Anapenda matunda laini, ila wadudu pia anakula. Ndugu zake wa jenasi Phyllastrephus wanakaa msituni wakitafuta wadudu. Mmoja, Phyllastrephus albigula, haonekani nje ya Tanzania, na Usambara ni kwao.

Sumu haichagui. Inaua mdonoaji na asiyehusika, na inaweza kubaki kwenye tunda unalopeleka sokoni.

Fanya hivi: funika kwa neti miti inayokaribia kuiva, uikaze ili ndege wasinase. Chuma plamsi zikianza kubadilika rangi. Zitaendelea kuiva kwenye kreti. Okota zilizoanguka kila siku. Na kama neti ni ghali kuliko hasara yako, anza na kuchuma mapema.