Kulala Saa Mbili Usiku

Mtoto wa darasa la tatu Kibaha au Kisarawe akiamshwa saa 11 alfajiri ili awahi namba shuleni, anatakiwa awe amelala fofofo saa ngapi? Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani, wa 2016, unataka mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 hadi 12. Tukichukua hizo 9 tu, jibu ni saa 2 usiku. Saa hiyo nyumba nyingi ndiyo kwanza ugali uko jikoni, na mzazi bado yuko kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, au anagombania gari la Kisarawe pale Gongo la Mboto.

Asubuhi haisogei, maana shule imeshaipanga. Kinachoweza kusogezwa ni usiku, ila mwili nao una masharti yake.

Mwaka 1982, Alexander Borbély wa Zurich alieleza kwamba usingizi huongozwa na nguvu mbili: uchovu unaojikusanya tangu tuamke, na saa ya mwili inayofuata mwanga. Saa hiyo hutuchangamsha sana muda mfupi kabla ya wakati tuliozoea kulala. Ndiyo maana mtoto aliyezoea saa 4, ukimlaza ghafla saa 2, atageuka geuka kitandani, aombe maji, kisha aanze kumchokoza mdogo wake. Tusimwite mtukutu.

New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliwapa watoto 100 wa miaka 8 hadi 12 wiki moja ya kulala saa nzima mapema na nyingine ya kuchelewa saa nzima. Tofauti ya usingizi wenyewe ilikuwa dakika 39 tu kwa usiku. Hata hivyo, wiki ya kuchelewa iliwapunguzia watoto nguvu na uwezo wa kumudu masomo. Kwangu mimi, dakika hizo zina thamani kubwa.

Kwa hiyo sogeza mapema saa ya kulala kwa dakika 15, kila baada ya siku chache. Pwani jua huzama kabla ya saa 1 jioni mwaka mzima, na giza huusaidia mwili kutoa melatonini, homoni ya usiku. Taa kali na simu huichelewesha. Anza na chakula: mtoto ale saa 12 na nusu, asimngoje baba. Kisha alazwe ndani ya chandarua, asiachwe asinzie mkekani sebuleni mpaka mkubwa apate nafasi ya kumbeba.